Watumishi wa Bwana Garraway

Kalehe, 15 Januari 2006

Mireille binti yangu,

Amani ya Bwana ikukute mzima, wewe na hiyo baridi yako ya Birmingham. Sisi huku hatujambo. Mvua imekuwa nzuri, kahawa ya ng'ambo ya kijito imeanza kuwa nyekundu, na mgongo wangu unauma kwa kiasi cha umri wangu, si zaidi. Ila macho. Mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, hata jina langu siandiki tena. Mimi nasema, Annonciata anaandika, na barua zako ananisomea yeye. Hati yake inampita karani wa mwami, chifu wetu, wala halalamiki.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Mwaka huu ni wa kura. Wazee wa hapa wamekuja mara tatu kuniomba nisimame kwa ajili ya bunge la jimbo, kama nilivyosimama zamani kabla ya vita. Nimekubali. Lakini mtu hasimami mbele ya watu mikono mitupu, na mwenzangu mmoja ameshaanza kugawa fulana. Mimi nitawapa maneno.

Unakumbuka ile picha ya sebuleni, yule mzee Mmarekani mwenye nywele nyeupe za bandia? Askari waliichoma pamoja na viti. Mmisionari aliyenifundisha kusoma alikuwa wa ukoo wake, ndiye aliyenipa. Mzee anaitwa Nathaniel Garraway. Alikuwa planteur, mwenye shamba kubwa kama mimi, yeye la tumbaku, mimi la kahawa. Tena alikuwa mtu wa siasa wakati Wamarekani walipomkataa mfalme wa Waingereza, akasema mbele ya wote kwamba mtu amezaliwa huru. Nilipopanda mche wangu wa kwanza mwaka 1961 nilikuwa namfikiria yeye, na tangu hapo nimefuata nyayo zake.

Lakini kwa kweli ninachojua ni ile picha na hiyo sentensi moja. Huko uliko vitabu havikosekani. Mtafute, unisomee, unitafsirie kwa Kiswahili cha watu, kisha utume kwa sanduku letu la posta la Cyangugu, ng'ambo ya mpaka. Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu inakula maneno.

Baba yako,
Valère

Mireille, Baba ameniruhusu mstari mmoja. Funika shingo. Annonciata.


Birmingham, 4 Machi 2006

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na pole kwa macho. Mimi niko salama, shingo nimeifunika, mwambie Yaya Annonciata. Bado nakaa Kingstanding na kazi bado ni kule Kings Heath, kulea wazee, kwa hiyo kila asubuhi napanda mabasi mawili nikiwa nasinzia. Wazee wangu hawajambo. Mmoja ananiita kwa jina la dada yake na nimeacha kumsahihisha.

Bwana Garraway nimempata. Mama wa maktaba ya mjini aliagiza kitabu kutoka mbali, kinene kama Biblia ya mimbarini, na sitakiwi kukiweka zaidi ya wiki sita. Nasoma saa ya chakula, kamusi pembeni. Kiingereza chao cha zamani ni kigumu, sentensi moja inazunguka mlima mzima kabla ya kufika.

Alizaliwa Virginia, akarithi shamba la tumbaku kando ya mto, akachaguliwa barazani akiwa na miaka ishirini na sita. Mfalme alipowazidishia kodi yeye alikuwa wa kwanza kusimama. Haya ni maneno yake, nimejitahidi: "Heri shamba langu liote magugu kuliko mtu mmoja aishi chini ya amri ya mwingine bila ridhaa yake." Nilipofika hapo niliweka kijiko chini, Baba. Nilikusikia wewe.

Tena alikuwa mtu wa Mungu. Katika barua moja anasema, "Familia yangu sasa ni watu arobaini, wote wazima, Mungu ashukuriwe." Kumbe alikuwa na watumishi thelathini na mmoja waliokaa pale shambani. Kitabu hakisemi walikuwa wa kanisa gani. Mmoja wao, mtumishi Kato, hakuachana naye hata siku moja. Alimbebea barua, alimnyoa, na Garraway alipokuwa akihutubia baraza kuu Kato alisimama mlangoni mpaka mwisho. Nadhani alikuwa kama shemasi wake.

Nitakuandikia zaidi nikiendelea. Mungu akutie nguvu.

Binti yako,
Mireille


Kalehe, 23 Aprili 2006

Mireille binti yangu,

Neema na iwe kwako. Tumeipokea barua, sisi ni wazima, mavuno ni mengi hata mikono haitoshi, Annonciata ameingia shambani tangu mwezi wa tatu na anaandika akiwa na vidole vyeusi. Ukiona doa, ndiyo sababu.

Ulichonitumia ni chakula. Siku ya Pasaka pasta alinipa dakika tano na mimi nikachukua arobaini. Nilipofika kwa watumishi thelathini na mmoja katika nyumba moja kanisa lilinguruma. Sisi hapa parokia tatu tunagawana mtumishi mmoja, tena ana baiskeli mbovu. Nikawaambia, mnaona jinsi mwanasiasa wa kweli alivyozungukwa na maombi? Mama mmoja alilia. Na huyo Kato, Annonciata anasema ni jina la pacha mdogo, tulilisikia sana tulipokuwa kambini Uganda. Labda alitoka pande zile. Niliwaambia hivyo pia.

Kisha nikasema juu ya familia ya watu arobaini. Nikamwita Annonciata asimame. Nikawaambia, huyu nilimchukua akiwa na miaka saba, baba yake alipokufa chini ya lori langu la kahawa. Amekula mezani kwangu, amemlea binti yangu, leo ananiongoza njia. Huyu si mtu wa kazi. Huyu ni mtoto wangu sawasawa na Mireille. Wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka darini.

Endelea kusoma. Nataka kujua alivyozeeka, maana na mimi nimefika huko.

Baba yako,
Valère

Mstari wangu: Kato alikuwa na mke? Annonciata.


Birmingham, 11 Juni 2006

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na mavuno yamekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimeianza mara nne.

Nina rafiki hapa, anaitwa Deka, Msomali aliyekulia Nairobi. Anakaa Erdington, tunafanya kazi pamoja, na jioni anasoma historia chuoni. Jumanne tulikuwa tunakula nikamweleza juu ya Garraway na watumishi wake, na jinsi kanisa letu lilivyofurahi. Deka aliacha kutafuna. Akaomba kitabu, maana maktaba imeniongezea muda, akafungua hapa, akafungua pale, akanitazama kwa huruma.

Akasema, "Mireille, servant hapa si mtumishi wa Mungu. Ni mtumwa. Walikuwa wanaona haya kulisema neno lenyewe, basi. Hao thirty-one alikuwa amewarithi pamoja na meza na vijiko."

Nilibisha, Baba. Nikamwambia, lakini anawaita familia. Deka akanionyesha ukurasa wa nyuma kabisa, ambao sikuwa nimeufikia. Ni orodha ya mali ya Bwana Garraway. Kwanza ardhi, kisha maksai, kisha wao. Kato yupo, kati ya Hana na mzee mmoja anayeitwa Jupita. Hakuna hata mmoja mwenye jina la baba.

Mtu aliyesimama mlangoni wakati bwana wake akisema hakuna anayepaswa kuishi chini ya amri ya mwingine bila ridhaa yake, hakuruhusiwa kuondoka pale mlangoni. Mimi nilimwita shemasi.

Umeuliza alivyozeeka. Alizeeka kwa heshima, watu wakimtembelea. Akiwa na miaka sitini aliandika wasia kwamba mtumishi wake mwaminifu Kato awe huru siku yeye atakapokufa, na marafiki wakamsifu kwa wema huo. Kisha akaishi miaka kumi na tisa zaidi. Kato alikufa mitatu kabla yake.

Baba, umewaambia watu maneno yangu na maneno yangu yalikuwa ya uongo. Nisamehe. Tafadhali warudie uwaambie.

Na wewe Yaya, najua sauti inayosoma haya ni yako. Usiruke kitu.

Binti yako,
Mireille


Kalehe, 30 Julai 2006

Mireille binti yangu,

Salamu na baraka. Barua yako ya Juni imetufurahisha wote. Hiyo habari ya Bwana Garraway kupandikiza matawi ya tofaa la Kiingereza kwenye mti wa porini, na mti ukakubali, nimeitumia Jumapili mbili mfululizo. Watu wa kilimo wanaelewa mara moja. Na alivyokufa usingizini, amezungukwa na watumishi wakiimba, ni kifo ambacho namwomba Mungu anipe.

Leo watu wamepiga kura ya rais na ya bunge la taifa. Yetu ya jimbo ni Oktoba. Mwenye fulana sasa anagawa na chumvi. Mimi sina wasiwasi.

Tunza afya.

Baba yako,
Valère

Mireille, leo sichukui mstari mmoja, nachukua zaidi, naye hajui. Barua yako niliisoma peke yangu jikoni. Kisha nikamsomea Baba nyingine niliyoitunga mwenyewe, tofaa na nyimbo ni vyangu. Anakwenda kusimama mbele ya watu na haoni, sikutaka ajikwae mbele yao. Nitamsomea kura ikiisha. Kato alikuwa na mke? Nauliza mara ya pili. Annonciata.


Birmingham, 3 Septemba 2006

Yaya wangu Annonciata,

Hii ni yako, si ya Baba. Sijui kama nimewahi kukuandikia wewe peke yako. Nimetafuta katika kumbukumbu, sioni. Hujambo? Vidole vimepona? Mimi nalala vibaya, na Deka anasema uso wangu unatisha wazee.

Tangu ile orodha sina raha, na si kwa sababu ya Garraway. Unajua ni kwa sababu gani.

Kambini, siku ya karatasi za safari ya kuja huku. Baba alikuwa amekataa katakata kwenda, alisema kahawa inamngoja. Tulikuwa wawili mbele ya meza, wewe kulia kwangu, umeshika ule mwavuli wa bluu. Mkalimani akaniuliza, "Na huyu ni nani wako?" Nikasema, "Ni mtumishi wetu wa nyumbani." Akauliza jina la baba yako. Nikakutazama, wewe ukatazama mwavuli. Nikasema silijui. Yule bwana akapiga mstari kwenye karatasi, akageuza ukurasa, na mimi nikawa nasafiri peke yangu.

Miaka hii yote nimejitetea kwamba nilisema kweli, kwamba ningekuita dada wangegundua na kuninyima mimi pia. Hata hilo ni uongo. Sikufikiri kitu. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyosema maji au chumvi. Wewe uliyenibeba mgongoni usiku wa kuvuka, nikiwa na homa, wewe uliyenichana nywele mpaka nina miaka kumi na tano, nilikula na wewe miaka ishirini na mbili na sikujua wewe ni binti wa nani. Naona aibu. Najuta, Yaya, najuta kila siku ninapomwosha mzee wa watu na mwanawe ananiita kwa jina langu lote na kuniambia asante.

Msomee Baba zote mbili, ya Juni na hii. Asingoje wasia. Aliwaambia watu wote kanisani kwamba wewe ni mtoto wake. Aende kwa karani wa mwami akaandike hivyo akiwa hai, mbele ya mashahidi, na sehemu yako ya shamba aitaje. Mwambie mimi nataka iwe hivyo. Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Mireille


Kalehe, 10 Desemba 2006

Mireille,

Nakusalimu. Usishtuke kwa hati hii. Anayeandika ni Ruben, mwalimu wa shule ya Jumapili, na ninamsumbua kwa sababu anasikia nusu ya ninayosema. Mwili upo. Nyumba ni baridi.

Nilipata kura mia mbili na kumi na nne. Mwenye fulana amepita. Hilo ni dogo.

Siku ya pili baada ya kura Annonciata aliniketisha barazani akaniambia ana deni la kunisomea. Akasoma barua yako ya mwezi wa sita, ile ya kweli. Kisha akasoma ile uliyomwandikia yeye. Alisoma kwa sauti ileile anayonisomea Zaburi, hakuharakisha mahali, hakukwama mahali. Mimi nililia, binti yangu. Niliwaza jinsi nilivyomsimamisha kanisani kama ng'ombe wa maonyesho, na watu wakapiga makofi.

Alipomaliza nikamwambia, "Mwanangu, usihuzunike. Shamba la ng'ambo ya kijito ni lako, nimeshaliandika katika wasia."

Alikunja karatasi. Akasema, "Baba, Kato alitangulia kufa."

Kesho yake alipika chai, akaweka dawa yangu ya macho mahali mkono unapofika, akaniaga kwa heshima zote na kuondoka kwa miguu. Ana sanduku moja. Nilidhani atarudi jioni, maana miaka thelathini amekuwa akirudi jioni.

Nilimwomba Ruben anishike mkono hadi kwa karani wa mwami. Nikasema nataka kuliandika shamba leo, nikiwa hai, kwa jina la Annonciata. Karani akauliza, Annonciata wa nani? Uso wa baba yake nauona kuliko ninavyoona mkono wangu, mwanamume mfupi, mcheshi, aliyejua kusikiliza injini ya lori. Nilimzika mimi. Jina limenitoka. Nimewauliza wazee wa kahawa, waliobaki ni wawili na wote walimwita Fupi. Karani amesema bila jina haandiki, wako Annonciata wengi.

Labda wewe unalijua. Labda amekuandikia. Mwambie shamba limefyekwa na linamngoja, na kwamba sitaki anirudie kazini. Nataka tu aje akae.

Nilifuata nyayo za yule mzee, Mireille. Nilizifuata vizuri mno.

Baba yako,
Valère


Bukavu, 9 Aprili 2007

Mireille,

Habari za Birmingham? Natumaini baridi imepungua na mabasi yako mawili yanakuja kwa wakati. Mimi ni mzima. Najua ulipoiona bahasha ulifikiri ni ya Baba, kwa sababu ya hati. Hati hii ni yangu. Nilijifunza kwa madaftari yako, nilikuwa nafuta ya kwako nikiandika yangu juu. Baba alidhani ni wewe uliyenifundisha, na sikumkatalia.

Nina chumba karibu na soko la Kadutu. Kina ufunguo mmoja, uko shingoni mwangu. Asubuhi nakaa na meza ndogo nawaandikia watu barua, wenye watoto Ulaya, wenye kesi, wenye wachumba. Wananiambia nami naandika. Ni kazi ileile, ila jioni nafunga.

Barua yako ya Septemba nimeisoma zaidi ya mara moja. Nakujibu sasa kwa sababu mapema ningekujibu vibaya. Neno mtumishi halikuniuma. Kanisani ni neno la heshima, na mimi kweli nilitumika. Kilichoniuma ni kwamba ulilisema haraka. Na alipouliza jina la baba yangu, mimi nilikuwa pale, nina mdomo. Nilikuwa nangoja umwambie, muulize mwenyewe. Nilingoja nikitazama mwavuli. Wewe ukasema hulijui, na ukweli ni kwamba hukulijua, basi ningesema nini?

Unaniomba nikusamehe nikiweza. Sijui bado. Nikiweza nitakuandikia, sitakuficha.

Lakini nakuambia jambo moja. Katika barua zote hizo nilikuwa na mstari mmoja, na mara mbili niliutumia kuuliza swali moja. Uliniandikia karatasi nzima juu ya aibu yako, na swali langu hukulijibu. Alikuwepo mwanamume, Mardochée, fundi wa baiskeli pale njia panda, utamkumbuka, alikutengenezea pedali. Alikuja kwa Baba mara tatu kuniomba. Baba hakumfukuza, hana roho hiyo. Alimwambia, baada ya mavuno. Kahawa inaiva kila mwaka, Mireille. Mardochée alioa mwaka 2001 na ana watoto wanne wazuri, nimewaona. Ndiyo maana nilitaka kujua kama Kato alikuwa na mke, na kama ni huyo Hana waliyemwandika karibu naye, na kama walimwachia akae naye. Deka wako atajua pa kutafuta. Nitafutieni.

Baba simchukii. Mwambie dawa ya macho ya usiku ni ile ya chupa fupi, Ruben atazichanganya. Shamba silikatai pia, baba yangu amelala mwisho wa mstari wa tatu wa kahawa na hakuna anayempalilia. Sitakuja kukaa. Nitakuja kupalilia, kisha nitarudi kwangu.

Ruben ameniambia mnalitafuta jina la baba yangu. Liko chini, mahali ambapo kila mtu huweka la kwake. Mpelekeeni karani. Nawe ukinijibu, liandike lote kwenye bahasha, la sivyo barua haitanifikia.

Annonciata M'Mugaruka